Ngwara ya Uchochoroni

Jirani yetu alikuwa na mazoea ya kusalimia kwa sauti kubwa ili mtaa mzima usikie kwamba amesalimia. "Shikamoo mama," alimwambia mama yangu kila asubuhi akienda kufungua duka lake la vifaa vya ujenzi kule stendi, na mama alinyamaza. Kwetu Babati unaweza kumkata mtu jicho, unaweza kumsema bombani mnapoteka maji na ukamsema tena mkitoka kanisani, lakini akikupa shikamoo unamrudishia marahaba yake, hata kwa kunung'unika. Mama alimnyima. Aliendelea kufagia, na alifagia kuelekea kwenye mlango wa yule bwana. Mimi nilisimama kizingitini na mswaki mdomoni, nikifurahia.

Sikumpenda mtu yule, na hadi leo simpendi. Nasema mapema ili msomaji asije akahangaika kutafuta mahali ninapotubu.

Alikuja kwetu, upande wa Nakwa, siku zile Manyara ilipofanywa mkoa na Babati ikawa makao makuu. Kabla ya hapo tulikuwa mji ambao watu wanashuka kwenye basi, wananunua mahindi ya kuchoma, wanapanda tena kuelekea Dodoma au Singida. Ghafla kila mtu akawa anatafuta kiwanja. Wakaja wenye mafaili kwapani, wakaja wenye magari ya serikali, kisha wakaja wenye maduka waliosikia kwamba wenye mafaili watajenga. Mama yangu, mjane aliyekuwa analima mahindi na mbaazi hadi chini ya dirisha lake, akaanza kuulizwa na watu asiowajua kama ana mpango wa kuuza. Wengine waliuliza bila kushuka garini. Mama aliwajibu kwa lugha ya kwao alikozaliwa, ambayo hawakuijua, na nilipomwomba anitafsirie alikataa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, ninaishi naye pale pale. Jirani akanunua kiwanja kilichopakana na chetu, akazungushia ukuta wa tofali za saruji, wa kwanza mtaani, mrefu kiasi kwamba akiwa ndani huoni hata kofia yake. Kati ya ukuta huo na uzio wetu wa minyaa ukabaki uchochoro tuliokuwa tukiupita tangu zamani. Ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu na mkokoteni wake, na uliendelea mbele hadi mashamba ya juu. Upande mwingine wa nyumba yetu kuna korongo, na kwa mbele kuna viwanja vya watu. Kwa hiyo mama hakuwa na njia nyingine ya kutoka kwake. Alipita uchochoroni kwenda sokoni, alipita hapo na ndoo ya maji kichwani, na baba naye alipitishwa hapo siku tuliyomzika.

Haukupita muda mrefu jirani akasema uchochoro ni wake. Hakusema kwa ugomvi. Alikuja na mafundi wawili, wakaanza kuchimba shimo la nguzo mdomoni mwa uchochoro, pale unapokutana na barabara ya mtaa. Nilipomuuliza wanafanya nini alinijibu huku analitazama shimo.

"Naweka geti, mwalimu. Nataka kuhifadhi mbao na bati hapa. Msiwe na wasiwasi, mtapewa ufunguo."

Tutapewa ufunguo. Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anapepeta mbaazi. Akaweka ungo chini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lile shimo, akaingia ndani yake na kusimama, akakunja mikono. Lilimfika magotini. Mafundi walimwangalia, wakamwangalia mwenye kazi, kisha wakasema wanakwenda kunywa chai, na siku hiyo hawakurudi.

Shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Huko ndiko jirani alikoonyesha kwamba si mjinga. Alisema eneo lile ameliendeleza. Neno hilo lilikuwa kubwa wakati ule. Wapimaji wa viwanja walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa, na kila mtu alijua wanauliza nini kwanza: nani ametumia ardhi hii, amepanda nini. Kilichopandwa kilikuwa shahidi. Tuliona watu wazima wakikimbizana kuchomeka mipapai mipakani, mipapai yenye majani mawili, wakiimwagia maji mchana wa jua kali ili ionekane ya zamani.

"Mimi nimepanda ngwara," jirani akasema. "Uchochoro mzima, kuanzia barabarani hadi mwisho wa ukuta wangu. Twendeni mkaione, sasa hivi ina maua."

Tukaenda, mwenyekiti akiwa mbele. Na kweli ilikuwepo. Kwa wasioijua, ngwara, ambayo wengine huiita fiwi, ni zao la jamii ya mikunde, dada yake kunde na maharage, na watu wetu huipanda katikati ya mahindi ili itambae juu ya mabua. Hii ya uchochoroni ilikuwa imejisokota kwenye minyaa yetu, ikapanda hadi juu, ikajaa. Maua yake ya zambarau yalisimama wima kwenye vijiti virefu, mazuri kupita kiasi, na siku ile uzuri wake ulinikera. Lilikuwa ua tulilopita chini yake miaka yote bila kuliangalia, na sasa lilikuwa limekaa upande wa adui.

"Hii imeota yenyewe," mama akasema. "Ilikuwepo kabla huyu hajajua Babati iko wapi."

"Nimepanda kwa mkono wangu," jirani akasema. "Mke wangu anachuma mboga hapa."

"Mke wako hajawahi kuchuma hata jani hapa. Labda amechuma uchafu anaotumwagia."

Mwenyekiti alikuwa mtu mwoga wa pande zote mbili. Akajikuna shingo. "Sikilizeni," akasema. "Kama imepandwa, aliyepanda ana haki yake. Kama ni ya porini, basi hapa ni njia tu, na njia haina mwenyewe. Mimi si mtaalamu wa majani. Tutamwita bibi shamba."

Niliposikia hivyo moyo ulinitulia. Sikuona namna yoyote tunavyoweza kushindwa, mradi mama awe anasema kweli. Na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu. Nilimwamini mama kwa sababu nilimchukia jirani, na mwalimu wa sayansi anajua kwamba hiyo si sababu.

Kwa hiyo nikaanza kulichunguza lile ua. Kila nikitoka shuleni nilisimama uchochoroni na kulifungua kwa ukucha, petali moja moja, huku redio ya jirani ikipiga kelele nyuma ya ukuta. Kubwa imesimama nyuma kama upande wa kanga ulioanikwa. Mbili ziko pembeni. Mbili za chini zimeshikana, na badala ya kulala mbele zimekunjwa kwenda juu kama kiwiko cha mkono. Hicho kiwiko kiliniondolea mimea mingine niliyokuwa naifikiria. Upupu haukuwa, maana maua ya upupu yananing'inia chini na maganda yake yangekwisha kutuwasha wote. Kunde mwitu haikuwa, maana ile sehemu ya chini ya ua lake haikunjwi namna hii. Majani yalikuwa matatu matatu, mapana. Ilikuwa ngwara, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ngwara ya nani?

Nikaenda Mutuka kwa shangazi, anakolima ngwara ya chakula, nikachuma ua moja na kurudi nalo ndani ya kitabu. Niliyaweka pamoja juu ya meza. Yalifanana kabisa. Rangi ni ile ile, kiwiko ni kile kile. Jani la Mutuka lilikuwa kubwa kidogo, lakini Mutuka kuna udongo mzuri, na hoja ya namna hiyo jirani angeibomoa kabla sijamaliza kuisema. Nilikaa nikiyatazama yale maua mawili kwa hasira kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la mwenzake. Mama alipita nyuma yangu na kuniuliza nimeona nini. Nikamwambia sijaona kitu. Akaniuliza kama namwona yeye ni mwongo. Sikumjibu haraka, na jioni ile alipakua chakula chake peke yake.

Bibi shamba alifika baadaye, mwanamke mnene mwenye viatu vya mvua, asiyependa kupotezewa muda. Alilichunguza ua kidogo tu. "Kwa ua sitaweza kuwaambia chochote," akasema. "Ngwara ya shambani ilitoka kwenye hii ya porini, zinafanana. Subirini maganda yakauke. Ya porini ganda likikauka hupasuka lenyewe na kurusha mbegu, ndivyo inavyojipanda. Ya shambani haipasuki, maana wakulima wamekuwa wakichagua isiyowamwagia mbegu chini. Nileteeni maganda ya hapa na maganda ya shambani, tuyaanike pamoja, kila mtu aone."

Jirani alicheka. Alisema ngwara ni ngwara. Lakini hakuweza kukataa mbele ya watu, na tangu siku hiyo pande zote mbili tukawa walinzi wa maganda. Mama alihamishia kigoda chake uchochoroni na kupepetea mbaazi zake huko. Jirani akamweka msichana wake wa kazi atandike mkeka upande wa pili. Walikaa hivyo kutwa nzima, wanatazamana, hakuna anayempa mwenzake hata maji.

Maganda yalipoanza kugeuka rangi, mke wa jirani alikuja kwetu. Sikuwahi kumwona akivuka uzio. Alikuwa amebeba sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa, na alisalimia kwa sauti ya chini, tofauti na mumewe.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitika. Yule mwanamke akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kukaribishwa.

"Mama, nimekuja kwa wema. Wapimaji wamekuja dukani kununua rangi, mume wangu amewasikia wakiongea. Wanatafuta pa kupitisha barabara kwenda kwenye viwanja vipya vya kule juu. Wakikuta njia isiyo na mwenyewe wataichukua na kuipanua. Sasa, kwa nini tusiseme tulipanda wote? Nyinyi mlipanda upande wa minyaa, sisi upande wa ukuta. Tugawane katikati. Geti hatutaweka tena, mtapita kama zamani."

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anaiangalia ile sahani.

"Kwa hiyo unakubali kwamba hamkupanda," akasema.

"Mama, mimi nasema tu…"

"Unasema mumeo ni mwongo, na sasa mnataka tuwe waongo wanne. Mimi uongo sigawani na mtu. Kamwambie aliyekutuma. Na maandazi yako uende nayo."

Yule mwanamke aliinuka taratibu. Machozi yalikuwa karibu, nadhani, lakini sikumhurumia. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikaufungua wote, na alipopita nikamwambia karibu tena kwa ile sauti ambayo kila mtu anaielewa. Tulipobaki wawili mama akasema wameishiwa mbinu, ndio maana wametutungia barabara. Nikamwambia ni kweli. Tulicheka hadi mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. Usiku huo tulikula pamoja.

Siku ya kuanika, ofisi ya mtaa ilijaa hadi nje. Bibi shamba aliweka nyungo mbili juani. Kwenye moja akaweka maganda ya shangazi kutoka Mutuka, kwenye nyingine maganda ya uchochoroni, yaliyochumwa mbele ya mwenyekiti. Kisha tukakaa kuyasubiri. Sijui kama umewahi kukaa na watu wazima zaidi ya ishirini wanaotazama ungo. Mzee mmoja aliyevaa shuka, mfugaji aliyekuja kwa shauri lake la ng'ombe, aliuliza tunasubiri nini, akaelezwa, akauliza tena.

Jua lilipokuwa utosini ganda la kwanza likapasuka. Lilitoa mlio mdogo mkavu, likajisokota pande mbili, na mbegu ikaruka nje ya ungo. Kisha la pili, kisha mengine mfululizo, mbegu zikirukia vumbini, moja ikampiga jirani kwenye kiatu. Zilikuwa ndogo, za kijivu zenye madoa, kama changarawe. Kwenye ungo wa Mutuka hakuna kilichotikisika. Bibi shamba akalivunja ganda moja la kule kwa mikono yake, akatoa mbegu nene nyeusi zenye mstari mweupe, akazishika mkono mmoja na zile za kijivu mkono wa pili, akawapitishia watu wote.

"Hii haikupandwa na mtu," akasema. "Ni ua la porini. Ni mwenyeji wa hapa kuliko sisi wote."

Nilimwangalia jirani usoni, sikuangaza pembeni, nikamwangalia mpaka akainamisha kichwa. Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi. Mwenyekiti akasema basi shauri limekwisha, uchochoro si mali ya mtu, ni njia, na ataandika hivyo ili wapimaji wakija wasibabaishwe. Tulirudi nyumbani tukipita katikati ya uchochoro, tena polepole, na mama akakanyagia udongo kwenye lile shimo la nguzo hadi likawa sawa na ardhi.

Wapimaji walikuja baada ya mavuno. Walikuwa vijana wawili wenye heshima, walimwamkia mama na mama akawaitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Aliwaonyesha uchochoro mwenyewe. "Hii ni njia," aliwaambia, "haina mwenyewe, waulizeni mtaani." Wakauliza, wakaonyeshwa maandishi ya mwenyekiti, wakafurahi. Wakapima kutoka ukutani kwa jirani kuja kwetu. Ukuta ulikuwa umejengwa kwa kibali cha juzi juzi, wakasema hauguswi, kwa hiyo upana wote ungetoka upande wetu. Kamba yao ikavuka minyaa. Ikavuka mbaazi za mama. Ikaishia katikati ya jiko, jiko la miti na udongo ambalo baba alilijenga kabla mimi sijazaliwa na kuliezeka bati baadaye, na kijana mmoja akachovya brashi kwenye kopo la rangi iliyonunuliwa dukani kwa jirani yetu, akachora alama ya X nyekundu juu ya mlango.

Mama hakuelewa mara moja. Alidhani wameweka alama ya kuonyesha kwamba hapo ni kwake.

Nilipomweleza alikwenda kwa mwenyekiti, nami nikaenda naye. Mwenyekiti alikuwa na huzuni ya kweli, lazima niseme. Alisema njia ya watu wote ina upana wake, sharti gari lipite. Alisema kama uchochoro ungekuwa na mwenyewe, yeyote yule, wapimaji wangetafuta pengine, maana wenye mali wanasumbua. "Lakini nyinyi wenyewe, Mama Mwalimu, mlithibitisha mbele ya mtaa mzima."

Greda lilikuja masika yalipoanza kunukia. Liling'oa minyaa yote, maziwa yake yakamwagika kila mahali, na ile ngwara ikaenda pamoja na minyaa, ikavutwa hadi korongoni. Jiko lilianguka kwa msukumo mmoja. Halikuwa na nguvu kama tulivyofikiri.

Tangu hapo mama hupika nje, juu ya mafiga matatu ukutani mwa nyumba, mahali ambapo mvua ikija inabidi abebe sufuria na kukimbia. Jirani amebomoa kipande cha ukuta wake na kuweka geti kubwa la chuma linaloangalia barabara mpya. Zamani lori la bati lilikuwa linashushia mizigo kule mbali na vibarua wakabeba kwa kichwa. Sasa linafika hadi mlangoni kwake. Akipita anapiga honi ya salamu.

Siku moja lori hilo lilipita mama akiwa anapika maharage. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasahihisha madaftari. Hasira zikanipanda, nikasema kwa nguvu, ili hata walio ndani ya geti wasikie, kwamba hata hivyo hakuupata ule uchochoro.

Mama alikuwa ameshafunika sufuria kwa sinia. Alisubiri vumbi litulie, akafunua, akatazama ndani, akatoa kitu kwa ncha ya mwiko.

"Hakuupata," akasema. "Lakini mke wake anapika ndani."